Sala Yenye Kichwa cha Habari

Dada yangu akitaka kukubebesha kazi ngumu, anakutangulizia mkate. Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya ibada, aliponisogezea nusu mkate uliopakwa siagi hadi kwenye kingo, nikajua nimekwisha.

"Wiki hii naingia zamu ya mchana," alisema, akipiga pasi sare yake ya ukunga. "Nikirudi watoto watakuwa wameshalala. Utawafundisha kuomba."

"Kuomba nini?"

"Kuomba Mungu, wewe! Unadhani nakutuma uwafundishe kuomba chumvi kwa jirani?"

Niliweka mkate chini. Kisha nikauchukua tena, maana kosa halikuwa la mkate.

Mimi ndiye mjomba wa nyumba ile. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, nikaja kwa dada kukaa wiki mbili, na wiki mbili zenyewe hazijaisha hadi leo. Mchana nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, mkabala na ofisi za serikali. Watu wanakuja na shida kichwani, mimi nazigeuza barua. Ombi la likizo. Ombi la uhamisho. Ombi la kurudishiwa mbuzi aliyekamatwa kwenye bustani ya shule. Ndiyo maana nyumbani wananiita Karani, na nikichelewa kuamka wananiita Karani Mkuu.

"Kwani baba yao amepatwa na nini?" niliuliza.

Wote wawili tukageuka kumtazama shemeji, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na viatu vya kanisani bado miguuni. Shemeji ni fundi wa kujenga, zamani aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, na hakuna anayetilia shaka imani yake. Shida ni urefu. Akiombea chakula huanzia siku Mungu alipotenga nuru na giza, anapita kwenye gharika, anapumzika kidogo jangwani, na akifika kwenye sahani zetu mchuzi umeshaganda. Watoto wake wamejifunza kutafuna bila kufumbua macho.

"Akifundisha yeye," dada alisema, "ibada itaisha Jumanne."

"Nasikia," shemeji alisema, macho kayafumba vilevile.

Dada akaweka pasi wima, akashusha sauti. Hapo ndipo utani ulipoisha, kwa sababu alikuwa anazungumzia Bosi.

Bosi ni binti yake wa miaka saba. Jina hilo alijipatia mwenyewe kwa juhudi. Ndiye anayekagua kama umenawa, ndiye anayemkumbusha baba yake kuzima taa, na siku moja alimwambia mchungaji kwamba soksi zake hazifanani. Lakini Pasaka iliyopita walimpa mstari mmoja wa kusema mbele ya kanisa. Alisimama, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Alikaa hivyo, mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno, mpaka watoto wenzake wakaanza kucheka. Tangu siku hiyo akawa anakaa nyuma ya nguzo. Mwalimu wa watoto akiuliza swali, nguzo inajibu kimya.

Na asubuhi ile mwalimu alikuwa ameuliza nani ataongoza sala Jumapili ya Watoto, wiki moja mbele. Mkono mmoja ukatokeza pembeni ya nguzo.

"Nilikuwa naona," dada alisema. "Ulipanda nusu, ukashuka, ukapanda tena. Karani, mkono ule umechukua miezi. Akinyamaza tena mbele za watu, mwanangu hatarudi kunyoosha kidole maisha yake. Na mwalimu hataki karatasi wala kukariri. Anataka mtoto aombe kwa maneno yake."

"Maneno mimi ninayo," nilisema.

"Ndiyo maana nimekukatia mkate."

*

Jumatatu jioni, baada ya kula, nikakusanya wanafunzi wangu kwenye jamvi la sebuleni. Walikuwa wawili. Bosi alikuja na daftari. Mdogo wake wa miaka minne, ambaye tunamwita Kifaru kwa sababu hajawahi kuingia mlangoni bila kuanza na kichwa, alikuja na kijiko.

"Kwanza nisikie mnavyoomba," nikasema.

Bosi akasema Baba Yetu yote kwa pumzi moja, haraka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kifaru akafumba macho, akafikiri, akasema, "Mungu, pipi." Akafumbua macho kuangalia kama imefika.

Sasa hapa naomba msomaji anihurumie. Mimi nilikuwa nimetoka kazini. Siku hiyo nilikuwa nimeandika barua kumi na moja, na kila moja ilikuwa na mpangilio wake, safi, imenyooka. Nikawatazama watoto wale, sala zao zimetawanyika kama nguo kwenye kochi, nikaona kabisa tiba yao. Nikajiona mwerevu. Nilipaswa kushtuka hapohapo.

"Sala," nikatangaza, "ni ombi. Na ombi lina utaratibu. Huwezi kuingia ofisini kwa mkubwa ukasema tu 'pipi'. Atakufukuza."

"Mungu anafukuza?" Bosi akauliza, kalamu tayari.

"Hafukuzi, lakini tusimchoshe. Andika. Moja: anwani. Unataja unayemwandikia na mahali alipo."

"Mungu. Mbinguni."

"Safi sana. Mbili: kichwa cha habari. Unaanza na Yah, halafu unataja shida yako kwa ufupi, ili akiona tu ajue ni faili lipi."

"Yah, pipi," Kifaru akasema.

"Umeona? Mtoto ana kipaji. Tatu, unasema: husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Hapo juu wapi?" Bosi akauliza. "Yeye si ndiye yuko juu?"

"Usinichanganye. Nne unajitambulisha, tano unaeleza ombi, sita unatanguliza shukrani. Halafu mwisho kabisa unataja wanaopewa nakala: Yesu, na Roho Mtakatifu."

Bosi akainua kalamu. Akanitazama kwa jicho lile alilomtazamia mchungaji siku ya soksi. "Mjomba. Kama Mungu ni mmoja, nakala ya nini?"

"Hiyo," nikasema, "utafundishwa kipaimara."

Basi wiki ile tukaomba kwa utaratibu. Jumanne Bosi aliwasilisha ombi la ulinzi wa usiku kwa nyumba yenye vyumba vitatu na watu watano. Jumatano akaleta ombi la kuponywa kwa paka wa jirani, na viambatisho viwili: mkia na sikio la kushoto. Kifaru alibaki na faili lake la pipi, ila Alhamisi akaniuliza majibu yanachukua muda gani. Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja, kwamba asubiri siku kumi na nne za kazi. Kesho yake nikamkuta amekaa kizingitini, anamsubiri mtu wa kuleta barua.

Shemeji alisikiliza haya yote akiwa kwenye kochi lake. "Mimi sioni ubaya," alisema. "Angalau ni fupi."

Na kusema kweli Bosi alibadilika. Sauti ikatoka. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akasema "husika na kichwa cha habari hapo juu" mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Nilikuwa naenda kazini napiga mluzi. Nilishaanza kumwaza dada akinikatia mkate wa pili, huu wa shukrani.

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mazoezi kanisani. Dada, ambaye siku hiyo alikuwa anapumzika, alibaki nyumbani kufua. Nikawapeleka mimi watoto.

Mwalimu wa watoto ni mama mmoja ambaye siku za kazi ni fundi saa. Ana kibanda chake chenye kioo, anakaa humo na lenzi jichoni, na mambo yake yote yanakwenda kwa kipimo. Watu wanamwita Mama Sekunde. Alikuwa ameshawapanga watoto kwenye mabenchi ya mbele. Pembeni kwaya ilikuwa inasubiri zamu yake, mpiga kinanda anafuta vumbi, na mchungaji anahesabu viti.

"Haya, binti," Mama Sekunde alisema, akamsimamisha Bosi juu ya kreti la soda ili aonekane. "Tusikie. Maneno yako mwenyewe."

Bosi akaweka mikono nyuma. Hakunyamaza hata kidogo. Moyo wangu ukachanua.

"Kwako Mwenyezi Mungu, Mbinguni!" alianza, sauti imepanda mpaka darini. "Yah: Kuomba baraka za ibada ya watoto! Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni watoto wa kanisa hili, wenye umri kati ya miaka mitatu na kumi na miwili, wenye akili timamu..."

Nikasikia mtu wa kwaya akikohoa. Hakikuwa kikohozi.

"...tunaleta kwako ombi letu kama lilivyotajwa. Tutashukuru endapo litashughulikiwa mapema. Tunatanguliza shukrani. Wako katika ujenzi wa ufalme. Nakala: Yesu Kristo. Roho Mtakatifu. Mwalimu wa watoto, kwa taarifa."

Kanisa likapasuka. Mpiga kinanda aliinamia kinanda chake na kinanda kikalia chote kwa pamoja. Watu wa sauti ya kwanza walikuwa wameshikana mabega. Mchungaji aligeukia ukuta, akajifanya anakagua ufa, lakini mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Watoto hawakujua wanacheka nini, walicheka tu kwa sababu wakubwa wanacheka, na wao ndio waliocheka zaidi.

Na mimi? Nilianza kucheka pia. Nilicheka sekunde mbili, hadi nilipoona uso wa Bosi.

Hakulia. Alitazama watu wale, akatazama kreti, akanitafuta mimi kwa macho, akanipata, na nilikuwa bado na meno nje.

"Mjomba ndiye alisema," alisema kwa sauti ndogo. Akashuka.

Mama Sekunde aliinyamazisha kwaya kwa jicho moja tu, lile la lenzi. Akamfuata Bosi, akachuchumaa mbele yake. "Sauti yako ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote hapa," alimwambia. "Sauti ni yako. Maneno ndiyo ya mtu mwingine. Kesho njoo na ya kwako."

"Siji."

"Nitakungoja mpaka kengele ya kwanza. Ukisema hapana, nitampa mwenzako, na sitakukasirikia. Lakini nitakungoja."

Halafu akasimama, akanigeukia mimi. Alinitazama kama saa iliyoletwa kwake imejaa maji.

*

Dada alikuwa anaanika nguo tulipofika. Kifaru alimfikishia habari yote kabla sijafunga geti: "Mama, Bosi kaomba, kasema nakala Roho Mtakatifu, kwa taarifa, watu wakacheka, Mjomba kacheka!" Kisha akaendelea na safari yake kuelekea jikoni.

"Umecheka?" dada aliuliza. Mkononi alikuwa na suruali ya shemeji imelowa, na nilijua anaweza kuitumia.

"Kidogo."

"Karani, nimekuachia watoto siku tano. Siku tano tu! Mimi nazalisha watoto wa watu huko usiku na mchana, narudi nakuta wa kwangu wamegeuzwa watumishi wa serikali! Nakala kwa Roho Mtakatifu? Kwa taarifa?"

"Kwa taarifa ilikuwa ya mwalimu. Roho Mtakatifu yeye alikuwa wa utekelezaji."

Suruali ilinipata shingoni.

"Nenda," dada alisema. "Nenda ukaongee naye. Na usirudi hapa na kichwa cha habari."

Bosi alikuwa amejifungia chumbani, kiti kakiegemeza kwa ndani. Nikakaa chini kwenye ukumbi, mgongo ukutani, suruali ya shemeji imenilowesha kola. Nikagonga.

Mlango ukafunguka ufa mdogo, Kifaru akachomoza. Sijui alivyoingia humo, nadhani alipitia dirishani. "Bosi anasema hayupo," alisema, akafunga.

Nikasafisha koo. Nilitaka sana kusema kitu cha maana. Nikafungua mdomo, na wallahi hivi ndivyo kilivyotoka:

"Bosi, napenda kuchukua nafasi hii kuomba radhi kwa usumbufu wote uliojitokeza..."

"Unaona!" sauti ikalipuka kutoka ndani. "Hata mimi unaniandikia barua!"

Nje dada alikuwa anakung'uta shuka, paa, paa, na kila pigo nilihisi linanihusu.

"Nimekosea," nikasema mwishowe. "Nilikufundisha vibaya. Halafu watu walipokucheka, na mimi nikacheka. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Najisikia vibaya, Bosi."

Kiti kikakwaruza sakafu. Akatoka, akakaa ng'ambo ya ukumbi, miguu yake imenyooka kuelekea yangu. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amenawa uso. Ukaguzi kwanza.

"Wewe ukiwa peke yako," aliuliza, "unamwambiaje Mungu?"

Nilitaka kufanya utani. Nilikuwa na utani wa aina tatu tayari. Lakini mtoto alikuwa ananitazama.

"Simwambii," nikasema. "Siku nyingi sasa. Tangu nimalize shule nimeandika barua za kuomba kazi, nyingi, hata nimepoteza hesabu. Zote zimekataliwa, na nyingine hazikujibiwa kabisa. Na barua ina uzuri wake. Ikikataliwa, imekataliwa barua. Si mimi. Sasa nikimwambia Mungu kwa mdomo wangu, bila kichwa cha habari, bila kujificha popote... halafu akakaa kimya..."

Bosi aliinamisha kichwa, anafikiri.

"Mimi pia," alisema. "Pasaka nilikuwa nataka kusema mstari, nikawaza, je nikikosea? Nikawaza sana mpaka mdomo ukakauka. Barua yako ilinisaidia. Nilikuwa naisema kama mimi siyo mimi."

Tukakaa hapo, waoga wawili, mmoja ana ndevu.

"Jaribu," alisema ghafla. Bosi alikuwa amerudi kazini. "Omba. Sasa hivi. Nisikie."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye mwalimu? Fumba macho."

Nikafumba. "Mungu," nikasema. "Ni mimi. Karani. Yule wa kwenye duka la kuchapa, mkabala na ofisi za..."

"Mjomba. Anakujua."

"Mungu. Eh... nimechoka kukataliwa. Na nimemwumiza mtoto wa dada yangu, na yeye hana kosa. Naomba..." Nikakohoa, na safari hii kilikuwa kikohozi kweli. "Naomba asiogope kesho. Hata kama mimi naogopa. Basi."

Nilipofumbua macho, Bosi alikuwa amenitazama muda wote, wala hakufumba yake.

"Ilikuwa fupi," alisema. "Lakini ilikuwa yako."

"Na wewe? Utakwenda kesho?"

"Sijui bado."

"Tufanye mazoezi kidogo?"

"Nikifanya mazoezi itakuwa ya leo," alisema. Akaenda kumtoa Kifaru, ambaye alikuwa amekwama dirishani.

*

Jumapili asubuhi nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Hakuna aliyethubutu kumwuliza Bosi. Shemeji aliombea chai kwa maneno sita, jambo ambalo halijawahi kutokea, na dada akamgusa paji la uso kuangalia kama ana homa. Bosi alivaa gauni lake, akakagua kucha za Kifaru, akanirudisha nikabadilishe shati.

Kengele ya kwanza ilitukuta mlangoni mwa kanisa. Mama Sekunde alikuwa amesimama hapo, na saa mkononi. Bosi alisimama mbele yake. Nguzo yake ya zamani ilikuwa pale pale upande wa kushoto, pana, ina kivuli kizuri. Aliitazama. Kisha akasema, "Kreti liko wapi?"

Dada alinishika mkono, akaufinya kama mama anayejifungua. Yeye mwenyewe ndiye anayewaambiaga wasifinye.

Kanisa lilikuwa limejaa. Wazazi wote walikuja kutazama watoto wao, na waliosikia habari ya Jumamosi walikuja kutazama wa kwetu. Ulipofika wakati wake, Bosi alipanda kreti. Kichwa tu ndicho kilichoonekana juu ya mimbari, kama chungwa lililosahauliwa mezani.

"Tuombe," alisema. Watu wakainama.

Kisha akanyamaza.

Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Mdomo ulikuwa wazi. Nne, tano. Shemeji alikuwa ameshika kiti cha mbele yake na kile kiti kilikuwa kinalia. Sita. Nikasema moyoni, Mungu, tafadhali, tafadhali, bila anwani wala nini.

"Mungu," Bosi alisema. "Shikamoo."

Halafu akangoja. Alingoja kabisa, kichwa kimeinama upande, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anavyongoja mkubwa aitikie. Sijui alisikia nini. Lakini alitikisa kichwa kuridhika, akaendelea, na sasa ilikuwa sauti yake ile ya jikoni.

"Asante kwa leo. Asante kwa mama. Anasaidia watoto wazaliwe, akirudi miguu imevimba, naomba umpe miguu mingine au hii ipone. Asante kwa baba. Anakuambiaga maneno mengi mpaka chakula kinapoa, lakini mimi nafikiri anakupenda tu."

Kicheko kikatoka. Hakikuwa kikubwa, kilianzia upande wa kwaya na kikatambaa kwenye mabenchi. Dada akaacha kupumua. Bosi akanyanyua kichwa, akaangalia watu, benchi kwa benchi, nami nikajua tumerudi palepale, kwamba sasa atashuka.

Hakushuka. Aliweka mikono juu ya mimbari.

"Ngojeni," alisema. "Bado naongea na mtu."

Kimya kilichoingia humo ndani, hata Mama Sekunde asingeweza kukipima. Mpiga kinanda alishusha kichwa mpaka paji likagusa mbao.

"Mungu," Bosi akaendelea, "usiwakasirikie. Hata jana nilikuwa nachekesha kidogo. Na kuna watoto wanaogopa kusema mbele za watu. Wasaidie. Siyo lazima waseme yote, hata neno moja. Mdogo wangu anangoja pipi, mwambie ukweli kama ipo au haipo, maana anakaa mlangoni. Na Mjomba anatafuta kazi. Wanamkataa. Wewe usimkatae. Akipata, asihamie mbali."

Hapo mimi niliona ni vizuri kuangalia viatu vyangu kwa makini. Vilikuwa vimeanza kupoteza umbo, vyote viwili, vinaelea majini.

Kisha nikasikia ko, ko, ko. Nikanyanyua macho. Bosi alikuwa ameshuka kwenye kreti. Anatembea katikati ya kanisa, viatu vyake vinagonga sakafu, anarudi kukaa. Hakusema Amina. Kanisa zima lilikuwa limeinama, macho yamefumbwa, hakuna anayejua kama tumemaliza au la. Mchungaji alifumbua jicho moja, akalifumba haraka.

Akajipenyeza kati yangu na mama yake.

"Bosi!" nikanong'ona. "Hujafunga sala!"

"Sijamaliza," alinong'ona. "Nimewaachia na wao waongee kidogo. Mimi peke yangu nitaongea yote?"

Na watu wakaongea. Si kwa sauti. Ila ukikaa kanisani miaka mingi unajua kimya cha watu wanaosubiri chakula cha mchana, na hiki hakikuwa hicho. Mama mmoja mbele yetu alikuwa anasogeza midomo. Shemeji, mwenye maneno yote yale, alikuwa kimya kabisa, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakuna mkono wa kufutia, kwa sababu mmoja ulikuwa umeshikwa na Bosi na mwingine bado unanivunja vidole. Mimi nilifumba macho. Nilikuwa na machache ya kusema, nikayasema.

Muda ukaenda. Mchungaji akakohoa kwa heshima.

"Basi," alisema polepole, "dada yetu mdogo akiwa tayari, atatujulisha."

Bosi alinyoosha shingo, akakagua mabenchi ya kushoto, akakagua ya kulia. Akamsubiri mzee mmoja aliyekuwa bado anaendelea. Mzee alipomaliza, akapanda juu ya kiti chetu na viatu vyake, jambo ambalo angelifanya mtu mwingine, yeye mwenyewe angemshusha.

"Haya," aliwaambia. "Amina."

Waliitikia mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa, na Kifaru, aliyekuwa amelala chini ya benchi, akaamka akauliza kama barua imefika.